Barua mbili kuhusu kituo cha watoto mwisho wa avenyu yetu

Mwezi wa Agosti 2021 niliandika kwa mkono wangu sentensi ambayo hadi leo inanichoma nikiisoma. Niliiandika kwa Kifaransa kizuri, maana mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Goma, mashariki mwa Kongo, na majirani walinichagua kwa sababu hiyo. Ilisema kwamba watoto wa kituo kilicho mwisho wa avenyu yetu ni wezi wanaohatarisha maisha ya raia wema, na kwamba tunawaomba wakubwa wawaondoe. Watu 63 waliweka sahihi. Wasiojua kuandika waliweka dole gumba.

Niseme mapema kwamba malalamiko yetu yalikuwa ya kweli. Sipendi wanaosimulia habari kama hizi wakiwafanya wakaaji wa kartie, yaani mtaa, waonekane watu wasio na moyo. Harufu ilikuwepo. Wizi ulikuwepo. Hofu ya kipindupindu ilikuwepo, na katika mji huu kipindupindu si hadithi ya kuwatisha watoto.

Volkano ya Nyiragongo ilimwagika Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, jioni. Lava ilishuka hadi Buhene, karibu na uwanja wa ndege, ikasimama pale. Kisha ardhi ikaanza kutetemeka mchana na usiku, nyufa zikafunguka katikati ya barabara, na alfajiri ya tarehe 27 tukatangaziwa kwamba kartie 10 za mji zihame mara moja. Watu walitawanyika: Sake, Minova, Rutshuru, Bukavu, wengine wakavuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda. Mimi niliwafunga wanangu wawili wadogo kwa kikwembe, mmoja mkono wa kulia na mmoja wa kushoto, tukaifuata njia ya Sake katikati ya pikipiki, chukudu zetu za mbao za kubebea mizigo, na magodoro. Kile kikwembe ndicho kilichoninusuru na jambo lililowapata wazazi wengi. Siku moja tu baada ya volkano, UNICEF ilikuwa imeshatangaza kwamba watoto zaidi ya 150 wametenganishwa na familia zao.

Tuliporudi mwezi wa Juni, nyumba yetu ilikuwa imesimama, ukuta mmoja tu umepasuka. Maji hayakuwepo, kwa kuwa lava ilikuwa imekula mabomba, na mamia ya maelfu ya watu walikuwa wakitembea na bidoni kutafuta. Na mwisho wa avenyu, katika nyumba ndefu ya mbao iliyokuwa depo ya maharagwe, tulikuta watoto. Hakuna aliyetuuliza. Hakuna aliyekuja kwa shefu wa avenyu kusema kesho tutaleta watoto hapa. Tulikuta tu kibao kidogo mlangoni na watoto kama 30 wamekaa kwenye mawe wanaota jua.

Wale wa kwanza walikuwa watoto wa volkano, waliopotezana na wazazi katika kukimbia. Wengi wao walipata watu wao kati ya Juni na Julai. Nilimwona baba mmoja akimbeba bintiye wa miaka tisa mgongoni kama mtoto mchanga na kumpitisha avenyu nzima bila kusema na mtu. Lakini mmoja akiondoka walikuwa wanakuja wawili. Wakaja maibobo, watoto wa mitaani waliokuwa wanalala sokoni. Wakaja waliofukuzwa nyumbani kwa sababu mama wa kambo au mchungaji fulani alisema ni wachawi, jambo ambalo sheria yetu ya tarehe 10 Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto inalikataza na kuliadhibu, ingawa usiku wa kumfukuza mtoto hakuna anayefungua sheria. Wakaja akina mama wawili wenye vichanga, nyumba zao zimefunikwa na lava. Mwezi wa Agosti tulihesabu vichwa 80 na zaidi.

Sasa nieleze habari ya choo, maana asiyeishi Goma hawezi kuelewa ugomvi huu bila choo.

Mji wetu umekaa juu ya lava. Chini ya lava ya 2002 kuna lava ya zamani, na chini yake nyingine. Ukitaka kuchimba shimo la choo unaajiri vijana wenye mitalimbo na nyundo. Wanapiga siku nzima na jioni unaona shimo linalomfika mtu magotini. Ndiyo maana vyoo vingi hapa vimepandishwa juu kwa mawe na vina ngazi: badala ya kushuka chini, shimo linajengwa kwenda juu. Mji hauna mabomba ya kubeba maji machafu. Kila parseli, yaani kiwanja, inatunza uchafu wake, na ukijaa unatafuta gari la kunyonya, au unalipa watu wanaokuja usiku na ndoo. Ile depo ya maharagwe ilikuwa na matundu mawili tu, yaliyotengenezwa kwa ajili ya mlinzi na wapakiaji. Wenye kituo waliongeza mawili ya mbao. Matundu manne yenye kina cha kimo cha mtoto, watu 80, na mvua za Septemba zilikuwa njiani.

Zilipofika, uchafu ulitoka. Ulipita chini ya ukuta wa mawe, ukafuata mteremko, ukapita mbele ya nyumba ya mama anayekaanga mikate, ukaishia hatua 20 kutoka bombani tunapoteka maji, lile bomba lililokuwa ndiyo kwanza limerudi kutoa maji. Mama wa mikate alipoteza wateja ndani ya juma moja. Jirani mwingine, papa mwenye nyumba tatu za kupangisha, wapangaji wake wawili walihama. Nyumba aliyokuwa akiipangisha kwa dola 50 kwa mwezi ilikaa tupu mpaka akakubali 30. Yule papa alisomesha watoto wanne kwa hizo kodi. Baadaye baadhi yetu walimwita mbaya, na mimi sikubaliani nao hata leo.

Lakini nimetangulia. Kikao kilikuwa Agosti, kabla ya mvua. Wakati ule choo kilikuwa harufu tu, na kilichokuwa kinatuuma zaidi ni wizi: sufuria, simu iliyoachwa dirishani, nguo za kwenye kamba, betri moja ya pikipiki. Tulikaa kwenye barza ya shefu wa avenyu, watu kama 40, kila mtu na chake cha kusema. Alisimama mzee mmoja ambaye nyumba yake ilichomwa na lava ya Januari 2002, ile iliyokula katikati ya mji na kuwaacha zaidi ya watu 100,000 bila makao. Alisema kwamba usiku ule yeye na mkewe walilala Gisenyi kwenye ubaraza wa watu wasiowajua, wakapewa uji asubuhi. Barza ikanyamaza. Nilidhani atasema tuwaache watoto. Akamalizia: "Lakini siku ya tatu nilirudi kwangu. Hawa watarudi wapi?" Na alikuwa wa kwanza kuweka sahihi.

Swali lile lilikuwa ndilo lenyewe. Watarudi wapi, na nani anayepaswa kujibu? Tulilisikia sote, lakini hatukuliandika. Shefu wa avenyu alisema ukiandika mambo mengi wakubwa hawasomi. Andika neno moja: waondolewe. Nami mwalimu, ninayewafundisha watoto kila siku kwamba swali likieleweka vibaya na jibu huharibika, nikaandika neno moja.

Tulipeleka barua kwenye ofisi moja, na kopi kwenye ofisi nyingine mbili. Sitazitaja. Nilihakikisha kopi yetu inapigwa muhuri wa mapokezi wenye tarehe, kwa sababu marehemu baba yangu alikuwa karani na alikuwa akisema karatasi isiyo na muhuri haikufika. Nilikuwa najua pia ibara ya 27 ya Katiba yetu ya 2006, kwa kuwa tunaifundisha kidogo katika somo la uraia: kila Mkongomani ana haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka ya umma, peke yake au pamoja na wengine, mamlaka inapaswa kujibu ndani ya miezi 3, na hakuna anayeweza kufuatwa na sheria kwa sababu ya kuandika ombi hilo. Niliwasomea majirani ibara hiyo. Wengine waliicheka. Wakati ule mkoa ulikuwa chini ya hali ya dharura tangu tarehe 6 Mei, unaongozwa na wanajeshi, na mji unaongozwa na polisi. Wakuu wa komini, zile sehemu kubwa za mji, hatukuwahi kuwachagua sisi. Walikuwa wanateuliwa miaka yote. Kwa hiyo yule unayemwandikia hajaomba kura yako na hataiomba. Hilo linabadilisha jinsi barua inavyosomwa.

Septemba ikapita. Oktoba, uchafu ukatoka kama nilivyoeleza. Nilikwenda mara tatu kuulizia. Ofisi ya kwanza iliniambia ruhusa ya kituo ilitolewa na watu wa mambo ya kijamii. Watu wa mambo ya kijamii walisema wao wanaangalia watoto, vyoo ni vya watu wa usafi. Watu wa usafi walisema hawana gari, na gari likipatikana halina mafuta, na kwa vyovyote parseli ni ya mtu binafsi. Nikarudi kwa shefu wa kartie, mtu mwema kabisa, akanifungulia droo ya meza yake nione: kalamu mbili na daftari. Kwa sheria yetu mji na komini ndizo zenye bajeti na nafsi ya kisheria. Kartie ni mgawanyo wa utawala tu. Yule tunayemfahamu, tunayesalimiana naye asubuhi, hana hata franka moja ya kununua chokaa.

Miezi mitatu ikatimia mwezi wa Novemba. Kimya.

Kilichofuata kilitokea Jumamosi, baada ya Salongo, kazi yetu ya pamoja ya usafi, watu wakiwa bado njiani na majembe na chepeo. Walimshika mtoto wa kituo, wa miaka kama 12, wakasema ameiba sufuria ya mama wa mikate. Na aliiba kweli. Alikuwa ameiuza Birere, kartie ya biashara, na hela iko mfukoni. Sitaki mtu afikiri kwamba alisingiziwa. Walimpiga mpaka akaacha kulia, akabaki anatetemeka tu, na kijana mmoja alikuwa ameshakwenda kutafuta tairi. Nilikuwa pale, chepeo mkononi. Nikamsikia mwanaume mmoja, mtu ninayesali naye, akisema kwa sauti kubwa: "Hata mwalimu aliwaandikia wakubwa kwamba hawa ni wezi wa kuondoa. Wakubwa wamekataa, tutawaondoa sisi."

Ningependa kuandika kwamba niliruka mbele. Miguu ilikataa. Aliyekwenda ni mama wa mikate mwenyewe. Alivua kikwembe cha juu, akamfunika yule mtoto, akaketi chini karibu naye kwenye lava na akasema: "Sufuria ni yangu. Ni mimi waliibia, si ninyi. Mumuache." Alilirudia mara nyingi, bila kupandisha sauti, mpaka watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Tairi ilifika ikakuta watu wameshatawanyika.

Usiku ule sikulala. Asubuhi, kabla ya misa, niliingia kituoni kwa mara ya kwanza. Ni hatua 60 kutoka mlangoni kwangu. Nilikuwa sijazipiga kwa miezi 5.

Mama anayekiongoza kituo alikuwa akiosha kidonda cha mtoto yule kwa maji ya chumvi. Hakuinuka. "Karibu, mama mwalimu," alisema. "Nimekungoja tangu Agosti." Walikuwa wamemwonyesha barua yetu siku ileile tuliyoipeleka. Nilitafuta neno la kusema, sikulipata, nikaketi. Aliponiona nimekaa aliniletea kartoni iliyokuwa ya sabuni, imejaa makaratasi, akaniachia nisome wakati anaendelea na kazi yake.

La juu kabisa lilikuwa ruhusa ya kituo. Nimelisoma mara nyingi tangu siku ile hata nalijua kwa moyo. Lilikuwa ruhusa ya muda, ya dharura, kwa watoto 35 waliopotezana na wazazi kwa sababu ya volkano, kwa miezi 3. Chini yake mstari mmoja ulisema huduma ya usafi itapita kila mwezi kuangalia hali ya vyoo na maji. Watoto 35. Asubuhi ile kulikuwa na watu 112. Miezi mitatu ilikuwa imekwisha zamani. Na daftari la wageni, alilolitunza kwa mistari ya rula, halikuwa na jina hata moja la mtu wa usafi.

Nilimwuliza kwa nini anaendelea kupokea. Aliniangalia kama ninavyomwangalia mwanafunzi aliyeuliza kitu nilichokifundisha jana. "Mimi siendi kuwatafuta. Wanaowakamata njiani usiku ndio wananiletea. Wanagonga saa sita, wananiachia watatu, wanne. Nikisema pamejaa, wanawarudisha walipowatoa. Wewe ungesema pamejaa?"

Chini ya ruhusa kulikuwa na barua zake. Tisa. Alikuwa akiandika tangu Juni kwa ofisi zilezile tulizoziandikia sisi: anaomba gari la kunyonya vyoo, anaomba idadi ya watoto ipunguzwe au apewe nyumba ya pili, anaomba taa moja ya njiani kwa sababu watoto wakubwa wanatoroka gizani kwenda kuiba. Neno lenyewe alikuwa ameliandika, kuiba. Zote zilikuwa na muhuri wa mapokezi. Hakuna iliyojibiwa. Barua ya mwezi wa Agosti aliipeleka siku nne kabla ya yetu, dirisha lilelile, muhuri uleule, hata wino ulikuwa wa zambarau ileile. Barua yake ya kuomba choo na barua yetu ya kuomba watoto waondolewe zimelala kwenye kabati moja, pengine moja juu ya nyingine, na hakuna aliyezifungua zote mbili pamoja.

Kwangu mambo yaligeuka hapo. Huruma ilikuwa imeanza jana yake, kwa mama wa mikate. Kwenye kartoni ile nilichokiona ni kwamba tulikuwa na karatasi inayosema nani aliahidi nini, imekaa hatua 60 kutoka kwangu, na sisi tulikuwa tunagombana na watoto. Tangu Juni hakuna kati yetu 63 aliyeuliza maswali mepesi kabisa: Nani ameweka sahihi? Ameruhusu wangapi? Hadi lini? Nani anapita kuangalia? Siku hizi, jirani akinijia na malalamiko ya baa inayopiga muziki usiku au ya gereji inayomwaga mafuta njiani, namwambia kwanza tutafute ruhusa yao tuisome.

Barua ya pili tuliiandika Januari 2022, darasani kwangu, tumekaa kwenye madawati ya watoto, watu wa avenyu na watu wa kituo. Ilichukua Jumapili tatu. Papa wa nyumba za kupangisha alikataa kuweka sahihi. Alisema kubaki kwa kituo ni kumnyang'anya yeye kimyakimya ili mji uokoe hela zake, na kwamba hakuna anayeliona hilo. Tuliona kwamba ana haki ya kulisema, na tuliandika maneno yake ndani ya barua kama yalivyo, bila sahihi yake. Mzee wa 2002 aliweka sahihi. Safari hii alikuwa wa mwisho. Alisoma ukurasa wote kwa kidole kwanza.

Hatukuomba watoto waondolewe, wala hatukusema kila kitu ni kizuri. Tuliambatanisha kopi ya ruhusa na kuuliza nani sasa anawajibika kwa watu 112 wakati ruhusa ni ya 35 na imekwisha. Tuliomba aliyeahidi kupita kila mwezi apite, na tarehe zake ziandikwe kwenye daftari ambalo hata sisi tunaweza kulisoma. Tuliomba gari la kunyonya. Tuliomba taa. Na tuliomba wanaoleta watoto usiku waweke sahihi kwa kila mtoto wanayemwacha. Hili la mwisho lilitoka kwa mama wa kituo. Mimi nisingeliwaza.

Karani wa dirishani aliisoma akakunja uso. "Mama mwalimu, ya kwanza mlisema waondoke. Sasa mnasema nini?" Nikamjibu kwamba ya kwanza haikujibiwa na miezi 3 ilipita, ndiyo maana tumepata muda wa kufikiri vizuri. Akapiga muhuri.

Jibu lilikuja mwezi wa Aprili, siku chache kabla ya miezi 3 kutimia. Ukurasa mmoja. Ruhusa iliongezwa mwaka mmoja, idadi ikawekwa 60. Mtu wa usafi alipita Aprili, Mei na Juni, kisha akaacha. Gari la kunyonya lilikuja mara mbili. Idadi ilishuka hadi 70 na kitu, kisha vita vya Rutshuru vikaanza kusukuma watu mjini, kambi ya Kanyaruchinya ikajaa, na kituo kikajaa tena. Taa haikuja. Sahihi za wanaoleta watoto usiku zilipatikana kwa majuma sita.

Mwezi wa Juni, kiangazi kilipoanza, tuliamua kujenga vyoo vitatu vya kupandisha, kwa mawe, wenyewe, katika Salongo. Nilipinga mwanzoni. Nilisema tukijenga sisi, ofisi itapumua na kusahau, na kila siku tunalipa kodi za kila aina sokoni na barabarani kwa ajili ya kazi hizohizo. Mama wa mikate akaniambia mvua haisubiri ofisi. Basi nikabeba mawe na wengine, Jumamosi tatu, watu wasiopungua 20 kila mara, na wale watoto wakubwa walibeba zaidi yetu sote. Mawe hapa hayanunuliwi. Simenti inanunuliwa: mifuko 14. Mtoto wa sufuria alikuwa fundi mdogo wa kuchanganya. Aliendelea kuiba vitu vidogovidogo kwa muda, kisha shangazi yake akapatikana Bukavu, akaenda. Sijui zaidi kuhusu yeye.

Ila niliomba jambo moja kabla ya kukubali kubeba mawe: gharama zote ziandikwe. Simenti, mchanga, misumari, mbao za milango, siku za kazi za kila mtu. Nikaandika fakture, yaani ankara, kwa jina la ofisi iliyotoa ruhusa, nikaipeleka dirishani, ikapigwa muhuri. Wengine waliona ni kupoteza muda, hakuna ofisi itakayowalipa wakaaji kwa choo. Nami sikutegemea kulipwa. Nilitaka kuwe na karatasi inayosema kazi hii ilikuwa ya nani, ili siku moja mtu asije akaandika kwenye ripoti kwamba vyoo vya kituo vilijengwa na mji. Kila Januari nilipeleka kopi mpya ya fakture ileile, na kila Januari ilipigwa muhuri: 2023, 2024.

Kopi ya Januari 2025 haina muhuri. Nilikuwa nimeitayarisha na kuiweka kwenye mkoba wa shule, nikipanga kuipeleka mwishoni mwa mwezi. Tarehe 27 waasi wa M23 waliingia mjini. Sitayasimulia hapa ya siku zile. Ofisi zikabadilisha watu, na hatima ya kabati lile siijui, wala kama barua zetu ziko ndani yake au ziliwashia moto wa kupikia. Najua tu kwamba za kwetu ninazo, kwenye plastiki, chini ya diploma yangu.

Mwezi wa Februari kambi zilizouzunguka mji zilibomolewa. Waliokuwa na mahali pa kurudi walirudi, na wasiokuwa napo walitafuta kuta za kujiegemeza ndani ya kartie. Juma lililopita amekuja mama mmoja kutoka avenyu ya tatu, simjui sana. Kwao familia kama 15 zimewekwa kwenye ukumbi wa kanisa, choo ni kimoja, na majirani wamekaa kikao mara mbili. Ameambiwa mwalimu anajua kuandika barua.

Nikampa zote mbili. Alisoma ya kwanza akiwa amesimama mlangoni, akafika mwisho, akaniangalia.

"Hii uliandika wewe?"

"Ndiyo, mama. Mimi."

Akaiweka chini ya ile ya pili, akazikunja pamoja, akaniuliza ni wapi leo pana mashine ya fotokopi yenye umeme.